Betri gani, chesisi ya nini: roboti ya kupigana ya kilo moja na nusu ukiwa Kigoma

Wengi wakianza kutengeneza roboti ya kupigana, ile ya rimoti inayogombana na nyingine uwanjani, wanaanza na silaha, mtu anataka kisu kizunguke cheche ziruke, betri anakuja kuitafuta mwishoni ili ijae kwenye nafasi iliyobaki, na bodi anafunika na chochote kilichopo. Fanya kinyume. Anza na betri, chesisi, yani fremu na kuta za roboti, ijengwe kuizunguka hiyo betri, halafu silaha ipewe gramu zitakazobaki. Betri huwezi kuikata kwa msumeno ili ienee, na ukiwa Kigoma betri ndio kitu pekee kwenye hiyo roboti ambacho kikifa jioni hukipati Mwanga sokoni kesho asubuhi. Vingine vyote utaokoteza.

Naongelea roboti ndogo hapa, zile ambazo Uingereza kikomo chake ni kilo 1.5 na Marekani ni ratili 3, yani kama gramu 1360. Pambano kawaida dakika 3. Mimi nitashika kilo 1.5 kwenye hesabu zote. Tafuta mzani wa dijitali wa jikoni, ule wa kunasa gramu moja moja, maana ule wa dukani wa kupimia sukari hautakusaidia kwenye kugombania gramu 20 za mwisho na utazigombania niamini.

Tuanze na betri. Kitu watu wanakiangalia ni mAh, ukubwa wa tumbo la betri. Kwenye kupigana cha kwanza ni ampea, yani betri inaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani kwa mkupuo bila kuzirai. Chukua mota mbili za magurudumu zenye giabox, zile nene za milimita 25 za volti 12, nyingi zikikwama zinavuta kama ampea 2 kila moja, angalia karatasi yake ila ndo huko huko. Kwahiyo magurudumu ni ampea 4 au 5 ukiwa umembana mwenzio ukutani. Ukiongeza mota ya brashilesi (isiyo na brashi ndani) ya silaha, kama zile za droni na ndege za kuchezea, wakati inaanza kuzunguka inaweza kuvuta 20 mpaka 25 peke yake. Jumla ampea 30. Hiyo 30 ndio namba unayoenda nayo dukani.

Halafu sasa ndo mAh. Wastani wa pambano zima hauwi 30, silaha ikishashika kasi inavuta kidogo, tuseme wastani ampea 12. Dakika 3 ni sehemu ya 20 ya saa, 12 gawanya kwa 20 unapata 0.6, yani mAh 600. Betri ya lithiamu usiimalize, ukitumia asilimia 80 inatosha, kwahiyo 600 inakuwa 750, na saizi ya dukani iliyo karibu ni 850. Basi. Mtu anayekuja na betri ya 2200 kwa roboti ya hivi amebeba gramu mia moja na zaidi za umeme ambao hatautumia, wakati hizo gramu zingekuwa ukuta. Na kama roboti yako haina kitu kinachozunguka, ni kabari tu ya kusukuma, hata 450 inakubakia.

Aina zenyewe sasa. Betri ya risasi, ile ya UPS au ya pikipiki, sahau. Volti 12 ya 7Ah inafika kilo mbili, yani betri peke yake imeshazidi uzito wa roboti nzima. NiMH, zile seli za volti 1.2 moja moja, ni pole na hazilipuki hovyo, ila kufika volti 12 unahitaji seli 10 na uzito unaanza kukutafuna. Zile za lithiamu chuma fosfeti za volti 3.2 zinapatikana kwenye taa nyingi za sola, ukizunguka kwa wanaotengeneza taa za wavuvi kule Kibirizi hukosi, na ni tulivu sana kwenye joto na kugongwa, sema seli za taa zimetengenezwa kutoa umeme kidogo usiku kucha. Sio kutoa 30 kwa sekunde mbili. Kwa kabari ya kusukuma zinafaa, kwa silaha hapana.

Watu wengi wanakimbilia seli za 18650, zile za duara za lithiamu, kutoka kwenye betri za laptop zilizokufa, kwasababu mafundi wanazo mpaka wanazitupa. Hapa inabidi uelewe. Seli ya laptop, mfano Samsung 26F ya mAh 2600, kikomo chake ni ampea 5.2. Tatu kwa mstari zinakupa volti 11.1 lakini ampea zinabaki zile zile 5.2, haziongezeki. Ukiziwekea silaha ya ampea 25 volti inadondoka, risiva (kinachopokea amri za rimoti) inazima, roboti inasimama katikati ya uwanja imeduwaa, au mbaya zaidi seli zinachemka. Kwa magurudumu tu zinaweza. Ila seli za 18650 kutoka kwenye drili za betri ni kitu kingine kabisa, mfano Samsung 25R ni mAh 2500 na inatoa ampea 20, ukiipata drili imekufa mota lakini betri yake haijalala miaka, chukua. Seli moja ni kama gramu 45, tatu ni 135 bila waya.

Na zile za tochi zilizoandikwa 9900 mAh, achana nazo. Hakuna 18650 duniani inayofika hata nusu ya hiyo namba. Iweke kwenye mzani, seli ya kweli ni gramu 43 mpaka 48, ukiona 30 ujue ndani kuna kaseli kadogo na hewa.

Kwa roboti yenye silaha jibu langu ni betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, ile inaandikwa 3S, volti 11.1, ikijaa ni 12.6. Ya 850 mAh ina uzito wa kama gramu 80. Juu yake kuna namba yenye C, ndio inayosema ampea, unazidisha Ah kwa C. 0.85 mara 75 ni karibu 64. Ila hiyo C wenye viwanda wanaandika wakiwa na furaha, mi huwa nakata nusu, inabaki 32, na sisi tulihitaji 30. Imepita. Ukikuta 850 ya 25C, ukikata nusu inabaki kama 10, hiyo ni ya kabari.

Kuifikisha huku ni stori nyingine. Dar mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1200, mzigo ukija kwa basi au treni hakikisha kila betri imefungwa peke yake, ncha zake zimezibwa na tepu, na haijajaa chaji, nusu nusu. Kama kuna ndugu anapanda ndege kuja Kigoma au Tabora mwambie aweke kwenye begi la mkononi, sio la kupakiwa chini, ndio utaratibu wa betri za akiba za lithiamu, na kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, yani volti mara Ah). Hii yetu ni 11.1 mara 0.85, kama Wh 9.4, haina shida. Agiza mbili. Tatu ukiweza, maana ukipiga pambano moja inabidi moja iwe inachaji na nyingine inapoa.

Kuchaji sasa, hapa usilete ujanja. Lipo haichajiwi na chaja ya simu wala adapta ya redio iliyokatwa waya. Inahitaji chaja ya kusawazisha, inayoingia na kile kiplagi cheupe kidogo chenye waya nne, inaangalia kila seli peke yake ifike 4.2 isizidi. Chaji kwa 1C, yani 850 mAh unaweka ampea 0.85, saa moja hivi na kidogo. Uzuri wa chaja kama iMAX B6 ni kwamba inakubali umeme wa moja kwa moja wa volti 11 mpaka 18, kwahiyo umeme ukikatika unaichomeka kwenye betri ya sola ya nyumbani au ya gari na maisha yanaendelea. Usiilaze imejaa wala imeisha, kama hutaitumia wiki hii iache kwenye volti 3.8 kila seli, chaja hizo zina mpangilio wa hiyo kazi kwenye menyu. Chini ya 3.3 kwenye mapambano acha, ikishuka chini ya 3.0 inaharibika na kuirudisha ni hatari kuliko bei yake. Na usiiache juani wala kwenye gari lililofungwa, Tabora mwezi wa kumi gari lililofungwa linapika.

Chajia nje au kwenye sakafu ya sementi, mbali na godoro na mapazia, ndoo ya mchanga pembeni, na wewe uwepo. Sio umeenda kuoga. Ikivimba imekufa, usiitoboe kutoa hewa, naona watu wanafanya hivo kwenye betri za simu na kila nikiona najisikia vibaya tumboni. Moshi wake una sumu kali, ikishika moto toka nje kwanza.

Chesisi

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana Kigoma tuna vitu vizuri kuliko tunavyodhani.

Kosa linalopendwa ni kuwaza kwamba kigumu ndio imara. Roboti ikipigwa, nguvu ya lile pigo lazima iende mahali. Ukuta mgumu usionyumbulika unaipitisha nguvu yote kwenye skrubu, kwenye mota, kwenye betri, au unapasuka. Ukuta unaonyumbuka kidogo unaimeza. Ndomana huko wanakopigana sana, kwenye uzito huu, utakuta fremu nyingi ni plastiki aina ya HDPE na ndugu zake, chuma kipo mbele tu.

HDPE unaipata wapi Kigoma? Bomba jeusi la maji. Lile nene lenye mistari ya buluu. Kipande cha bomba la milimita 110 la SDR 11 (namba ya unene wa ukuta) kina ukuta wa milimita 10 kamili, ukikipasua kwa urefu na kukinyoosha unapata sahani pana kama sentimita 31. Mafundi wa miradi ya maji wanabaki na vipande vifupi ambavyo havina kazi, omba au nunua (usiende kukata la mtaani, watu watakosa maji na utapigwa wewe kabla ya roboti). Vibao vyeupe vya kukatia nyama navyo vingi ni plastiki ya familia hiyo, tayari vimenyooka, sema vinene vinauzwa ghali kidogo. Dumu la mafuta ni HDPE pia lakini ukuta wake mwembamba, lifanyie kifuniko cha juu tu.

Kutambua ni rahisi, kata kipande kirushe kwenye maji. HDPE inaelea. PVC, lile bomba la kijivu la maji taka, inazama. Na PVC usiitumie, ikigongwa inapasuka vipande vyenye makali na ukiichoma moto inatoa gesi inayokereketa mapafu.

Kunyoosha: pasua bomba kwa msumeno, weka bati nene juu ya jiko la mkaa lenye moto wa wastani, weka kipande juu ya bati, geuza geuza mpaka kilainike chote mpaka katikati. Inayeyuka kama nyuzi 130, kwahiyo maji ya kuchemsha hayatoshi, kitalainika kidogo halafu kitarudi kujikunja. Ukiona moshi umezidisha, toa. Kikiwa laini kibane katikati ya mbao mbili, weka tofali juu, na ukiache mpaka kipoe kabisa, sio vuguvugu. Ukiharakisha asubuhi utakuta kimerudi kuwa bomba. Fanya nje, vaa glovu za ngozi.

Uzito wake mtamu. Ukuta wa pembeni wa sentimita 15 kwa 5 kwa 1 ni gramu kama 71. Pande nne jumla 237 hivi, maana mbili ni fupi, sentimita 10. Ukuta huo huo ungekuwa wa chuma hata wa milimita 3 tu unakaribia gramu 180 kwa upande mmoja, na ukijikunja ndani umebana gurudumu haurudi. Plastiki inarudi. Ikichanika unakata nyingine usiku huo huo.

Udhaifu wake ni skrubu. HDPE ni laini, skrubu ya mbao inang'oka ikipigwa pigo la pembeni. Tumia bolti ndefu ya M4 inayopita mpaka upande wa pili na nati yenye washa pana, au kwenye kona weka kipande cha aluminiamu cha L ndani. Vipande vya L unavipata bure kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, zile fremu kwa kawaida ni aloi ya 6063, ngumu ya kutosha kwa kona. Sufuria ni aluminiamu pia ila laini, inajikunja kama karatasi, kwenye ukuta usiweke.

Sahani ya chini, mi naweka aluminiamu ya milimita 3 ukiipata, 15 kwa 12 ni gramu 146, kwasababu mota zinafungwa hapo na hazitakiwi kucheza. Mbao? Plaiwudi ya milimita 9 ni nyepesi, inakatika kirahisi, na kwa roboti ya kwanza ya kujifunza haina aibu yoyote. Mninga uache kwa ajili ya kitanda, mzuri lakini unapasuka kufuata nyuzi zake ukipigwa ubavuni. Juu weka polikaboneti ya milimita 2 kama ipo, gramu 43, unaona ndani na haivunjiki. Usichanganye na ile akriliki ya watu wa mabango, zinafanana machoni ila akriliki inapasuka kama kioo. Polikaboneti ina adui wake, gundi ya kuzuia nati zisilegee na petroli, vikiigusa inaota nyufa, kwahiyo toboa matundu mbali na ukingo na usiweke hiyo gundi karibu.

Mbele sasa chuma. Chuma cha panga. Kina kaboni ya kutosha kuwa kigumu, ni chembamba, na panga lililoisha mpini linauzwa bei ya soda mbili tatu. Kipande cha sentimita 15 kwa 6 chenye unene wa milimita 2.5 ni gramu 177, unakifunga kwa bolti kwa mshazari mbele, chini kikwaruze sakafu kabisa, hapo adui anapanda badala ya kukupiga. Kata kwa grainda taratibu huku unakipooza na maji, kikiwa cha buluu kwa joto ugumu umeondoka hapo. Bati la kuezekea geji 28 ni kama nusu milimita, hata kuku analichana.

Tujumlishe tuone. Betri 80, mota mbili 200, magurudumu 80, spidi kontrola (bodi za kuendesha mota) na risiva na waya 120. Kuta 237, chini 146, juu 43. Hiyo ni 906. Panga 177 inakuwa 1083. Zimebaki 417 za silaha, mota yake na bolti zote. Ukitaka silaha nzito zaidi punguza chini kwa kuweka HDPE ya milimita 5 badala ya aluminiamu, unarudisha gramu 60. Ungekuwa na betri ya drili badala ya lipo, hizo 60 zingeshaliwa. Umeona kwanini tulianza na betri.

Kuhusu silaha ya kuzunguka, kama hamna boksi lililofungwa pande zote na juu kwa polikaboneti nene, msiweke. Kabari au cha kunyanyua. Kisu cha gramu 200 kikikatika hakichagui mchezaji na mtoto anayechungulia. Disiki ya grainda kama silaha hapana hata siku moja, inapasuka vipande. Springi ya gari aina ya majani ndio chuma cha kutengenezea kisu siku mkiwa na boksi.

Betri ndani ya chesisi inakaa katikati, mbali na silaha, na hakuna ncha ya skrubu inayoielekea. Izungushie vipande vya ndala zilizoisha, ile sponji inameza mtikisiko vizuri kuliko sponji ya godoro inayobonyea yote. Ifunge kwa mkanda au zip tai mbili za plastiki, isiweze kusogea hata ukiigeuza. Waya zipite kwenye matundu uliyoyalainisha ukingo. Weka plagi ya kuchomoa kutoka nje ili mtu azime bila kufungua kifuniko, na taa ndogo ya kuonyesha umeme upo. Wakati wa kukata waya za betri kubadili plagi, kata mmoja, funga tepu, ndo ukate wa pili. Mkasi mmoja kwenye waya mbili ni shoti.

Kabla ya pambano iangushe kutoka urefu wa kiuno kwenye sementi, mara ya kwanza ukiwa umeweka kipande cha mbao chenye saizi ya betri badala ya betri yenyewe. Fungua, angalia kipande kimehama au kimekwaruzwa wapi, hapo ndo ongeza ndala. Na baada ya kila pambano betri itoke, iguse, inuse. Ikiwa ya moto kiasi huwezi kuishika, imekunjika kona, au inanukia utamu utamu kama rangi ya kucha, hairudi kwenye chaja, inaenda nje kwenye ndoo ya mchanga na inalala huko.